Pumzi Isiyo na Mwenyewe

Mashine ya kupima pumzi ilichora mstari saa nane mchana, na chumbani hakuwemo mtu ila muuguzi mwenyewe.

Alidhani imeharibika. Kazi yake ilikuwa kuwapulizisha wagonjwa wa pumu kwenye mrija, kuona kama kidonge kinachofanyiwa utafiti kinaizuia kweli lukotrieni, ile kemikali ya mwilini inayobana njia za hewa. Wagonjwa walipuliza, wakarudi kwa watu wao. Yeye, tangu afiwe na mumewe, hakuwa na wa kumwambia hata pole ya kazi.

Kesho yake mstari ukajichora tena. Ikaja harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni, kisha mhemo wa taratibu kutoka kiti cha wagonjwa.

"Umechoka," sauti ikasema.

Badala ya kukimbia, akaketi. "Nimechoka sana."

Wiki tatu wakazungumza hivyo. Akaanza kuwahi kazini, kajipaka wanja. Lakini fundi viatu, mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri kuliko wote, akaanza kuporomoka.

"Dada, dawa nameza," alinong'ona, midomo imempauka. "Ila nikikaa hapa, kama mtu ananinyonya pumzi."

Muuguzi akalinganisha karatasi za mashine. Kila asiyeonekana alipopuliza kwa nguvu, pumzi ya fundi ilipungua. Nywele zikamsimama.

Akamwita shangazi yake, msoma dua mwenye ulimi mkali. Shangazi akanusa tangu mlangoni.

"Huyu hakuvunja mlango, mwanangu. Umemkaribisha. Mimi nitasoma, lakini neno la kumtoa ni lako."

Kisomo kikaanza, na mashine nayo ikachora bila kusita, mstari juu ya mstari, karatasi ikamwagika sakafuni, vioo vya dirisha vikaingia ukungu kwa ndani ingawa nje jua lilikuwa kali, na ile sauti, sasa imevaa kikohozi cha marehemu mumewe, ikamsogelea sikioni ikamwuliza, "Nikienda, utazungumza na nani?"

"Sijui," akalia. "Toka. Nenda zako!"

Mrija ukaanguka. Mashine ikaacha kuchora.

Wiki iliyofuata fundi alipuliza mpaka akacheka. "Dawa yenu kiboko!"

"Kaa kidogo basi," muuguzi akamwambia.

"Mke wangu ananingoja nje, dada."

Nyayo zikapotea koridoni. Muuguzi akakisogelea kiti kitupu, akainama.

"Upo?" akanong'ona, akangoja.