Fedha Yenye Nia

Shilingi milioni tisa za harusi zilikataa kutoka. Karani-chuma wa dirisha la malipo, katika hospitali moja jijini Mwanza, alizisoma, akawasha taa nyekundu, akasema kwa adabu zake zote, "Samahani mteja. Fedha hii ina nia ya harusi. Upasuaji si harusi."

Nyamizi alitamani kuing'oa ile taa. Lakini angemlaumu nani? Fedha-nia aliibuni yeye, mhandisi wa benki, baada ya kuchoshwa na waweka hazina wa kamati waliokula michango ya watu na kujinunulia pikipiki. Aliipa kila shilingi kumbukumbu ya nani kaitoa na kwa shughuli gani. Ya ada hailipi bia. Nchi nzima ilimpigia makofi. Mchuma janga hula na wa kwao: sasa mdogo wake Shija, bwana harusi wa Jumamosi, ameanguka toka juu ya paa, damu inavujia kichwani, na chumba cha upasuaji hakifunguki mpaka malipo yaingie. Hata akiba yake Nyamizi yote ilikuwa humo humo kwenye mfuko wa harusi.

"Badilisha nia," alisema.

"Inahitajika ridhaa ya wachangiaji wote, mia mbili na kumi na wawili."

Wakaanza kupiga simu, yeye huku, mama yake kule. Watu walikubali kabla hata hawajamaliza kueleza. Mjomba mmoja alinung'unika kwamba yeye alichangia pilau, si kisu, lakini naye akabonyeza. Kufika saa saba mchana ilibaki ridhaa moja tu, ya jirani yao Ngassa, aliyefariki wiki mbili nyuma. Alichangia elfu tano.

"Basi ziache elfu tano zake, lipa zilizobaki."

"Mfuko wa nia haugawanyiki. Warithi wathibitishwe kwanza mahakamani. Siku ishirini na moja."

"Shija hana siku ishirini na moja. Na akifa je?"

"Pole sana, mteja. Mhusika akifariki, nia ya harusi hugeuka rambirambi papo hapo. Ridhaa haihitajiki."

Nyamizi aliijua sentensi hiyo. Aliiandika kwa mkono wake, na siku ile alijisifu kwamba amewapunguzia wafiwa usumbufu.

Mama yake alimshika bega. "Mwanangu, imesemaje? Fedha zipo au hazipo?"

"Zipo, mama. Zinamngoja Shija afe."