Sauti ya Babu Ndani ya Kompyuta

Kila jioni, matoke yakiwa jikoni, Nakibuule aliwasha kompyuta ya marehemu babu yake ili bibi amsikilize mumewe. Mzee Kiwalabye alikuwa amejirekodi akisimulia ujana wake hapo Entebbe, akikohoa na kucheka mwenyewe kabla hajafika kwenye kichekesho. Nakibuule alimkumbuka sana. Enzi za uhai wake, radi ikinguruma tu kwa mbali ziwani, mzee alizunguka nyumba nzima akichomoa plagi, na wajukuu nyuma yake wakiigiza mwendo wake wa kuchechemea.

Jumamosi moja mawingu yalitanda. Ngurumo ikasikika, na papo hapo umeme ukakatika.

"Chomoa hiyo kompyuta," bibi akasema kutoka jikoni.

"Nichomoe nini, Jjajja? Umeme wenyewe haupo."

Hata swichi hakuizima, maana alitaka kujua umeme utakaporudi.

Mara radi ikapiga karibu, madirisha yakatikisika. Cheche zikaruka nyuma ya kompyuta, harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Umeme uliporudi taa ziliwaka, lakini kompyuta haikuwaka. Nakibuule alibonyeza, akabonyeza tena.

Bibi alikaa kwenye kiti chake cha kila jioni. "Basi ameniondokea mara ya pili," akasema taratibu. Nakibuule akalia kwa majuto.

Kesho yake alikuja shangazi Nalunga, fundi wa kompyuta. Aliifungua, akatoa diski iliyohifadhi sauti, akaiunganisha na kompyuta yake. Kikasikika kikohozi, na bibi akaanza kucheka hata kabla ya kichekesho.

"Una bahati, mwanangu, diski imepona," shangazi akamwambia Nakibuule. "Umeme ukikatika, waya bado upo, na radi hupita humo humo. Hata umeme wenyewe ukirudi huweza kuja kwa nguvu ukaunguza vitu. Chomoa mapema, ngurumo ikiwa mbali. Ikishakaribia, usiguse waya wowote. Na kitu unachokithamini usikiweke mahali pamoja tu."

Akanakili sauti zote kwenye diski nyingine. Bibi akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka sandukuni pamoja na gomesi, vazi lake la harusi.

Wiki iliyofuata radi ilinguruma mbali ziwani. Nakibuule akainuka, akazunguka nyumba akichomoa plagi moja moja, huku akichechemea bila kujijua.

Bibi akamtazama kutoka mlangoni. "Kiwalabye," akamwita, "umesahau redio."