Jicho Chini ya Shuka

"Jicho limetoka Lodwar," sauti ya Wanjugu ilisema kwenye simu ya setilaiti. "Lirudi kabla halijapaa."

"Nimesikia."

"Likipaa, usijisumbue kuja Nairobi."

Simu ikakatika. Wanjugu ndiye mkuu wa Lopeyok katika Idara ya ujasusi, na kuaga si kazi yake.

Lopeyok alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma kwenye lami ya kwenda Kakuma, mbuzi wa watu wakaruka kando, na mzee mmoja akamtolea matusi ambayo hakuyasikia. Kwenye dashibodi palikuwa na skrini ndogo, na juu yake nukta moja nyekundu ikionyesha Jicho lilipo.

Nukta ilikuwa inakwenda. Kila alipoongeza mwendo, nayo ilizidi kutangulia.

Jicho lilikuwa kifaa kisichozidi ukubwa wa Biblia ya mfukoni. Ukilipitisha juu ya tumbo la mtu, linaonyesha kilichomo. Wahandisi wa chuo kikuu waliliunda, wanahisabati wakalitia hesabu ya kusoma picha, kisha madaktari wakalileta Turkana kulizoesha kwa matumbo ya watu wenyewe. Turkana kuna ule uvimbe wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa. Hukua polepole ndani ya ini, hata bibi kizee akaonekana mjamzito. Daktari akiukata pabaya ukapasuka, mgonjwa humfia mezani.

Jicho lilijua pa kukata na pa kuacha.

Lilikuwa moja tu. Hesabu iliyobaki kwenye kompyuta za chuo ilikuwa imefutwa na watu wasiojulikana. Idara iliwajua. Mkubwa wao aliitwa Ruben Kasteel, mzungu mwenye shirika la misaada la uongo, Tumaini Pana, na wanunuzi ng'ambo waliotaka jasho la wenzao liwe mali yao.

Hayo yalikuwa mambo ya Idara. Lopeyok alikuwa na lake.

Kesho yake Jicho lilikuwa lipitishwe juu ya tumbo la mama wa mkewe, Atabo. Baada ya hapo, kisu.

Jina la mama huyo ni Nasike. Sisi tunaweza kulitaja kwa raha zetu. Lopeyok hawezi. Kwao mtu hamtaji mama mkwe kwa jina, hamgusi, hamtazami machoni, na akiwa na neno, hulipitisha kwa mtu mwingine. Mama naye hivyo hivyo kwa mkwewe. Tangu Lopeyok alipotoa ngamia wa mahari, wawili hao hawakuwahi kuzungumza. Mwanamume aliyewatia adabu majasusi wa nchi jirani, akimwona mama mkwe sokoni Lodwar, alikuwa anajificha nyuma ya nguo za mitumba.

Simu yake ya kawaida ikalia. Atabo.

"Baba Apua, uko wapi?"

"Kazini. Nakagua visima."

"Mama hayuko! Majirani ya Nawoitorong wanasema daktari mzungu imemchukua na gari. Imemwambia ile mashine inaenda na yeye ng'ambo, atapasuliwa huko."

Mguu wa Lopeyok ulilegea kwenye mafuta.

"Si nilikuambia umwambie asimsikilize mtu yeyote ila Daktari Chepkirui?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia vipi?"

"Nilimwambia, baba Apua anakusalimia, anasema usikie maneno ya daktari."

Lopeyok hakumgombeza. Ujumbe wa mkwe haupelekwi mbichi. Hupunguzwa makali njiani, ufike ukiwa na heshima. Dakika moja tu ya kusema na yule mama ana kwa ana ingetosha, lakini dakika hiyo mila haikumpa. Na Kasteel, akivaa koti jeupe, naye ni daktari.

Akaitazama tena ile nukta nyekundu. Alianza kuelewa ilikuwa imebebwa na nani.

Hakupenda alichoelewa.

Mbele, magari yalikuwa yamesimama. Lagga ilikuwa imejaa. Mvua ilinyesha huko milimani, hapa jua linawaka, na mto uliokuwa mchanga mtupu asubuhi sasa ulibeba magogo. Madereva walikuwa wamekaa vivulini wakitafuna miraa. Gari la Tumaini Pana, walisema, lilivuka maji yalipokuwa magotini.

Lopeyok alikuwa na Glock 19 kiunoni. Alikuwa na darubini ya Zeiss shingoni, kalamu inayorekodi sauti na saa inayopiga picha. Serikali ilikuwa imemtajirisha kwa vyuma. Hakuna hata kimoja kilichojua la kufanya na matope.

Akavua viatu. Akainua bastola na skrini juu ya kichwa, akaingia.

Maji yalifika kifuani. Gogo likampiga paja. Mkondo ukamgeuza, ukamrudisha nyuma, ukamgeuza tena, na simu zake zote mbili zikaenda na maji. Alitokea ng'ambo akikohoa tope.

Pale palikuwa na mwanamume mrefu mwenye mvi, amekaa juu ya pikipiki aina ya Boxer, akimtazama kwa huruma.

"Ejok," Lopeyok alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi. Lakini wewe kichwa si mzuri."

"Nipeleke uwanja wa ndege Kakuma. Haraka."

"Haraka gani? Ya polisi ama ya mgonjwa?"

"Ya mama mkwe."

Yule mtu, Thuok kwa jina, Mnuer wa Sudan Kusini aliyezeekea kambi ya wakimbizi, hakuuliza tena. Akatia gia.

Walipita maduka ya Kakuma mjini kwa kasi iliyowafanya wateja washike kofia zao. Kwenye skrini nukta ilikuwa imesimama.

Uwanjani palikuwa na ndege moja, Cessna Caravan nyeupe. Rubani alikuwa ndani tayari. Chini ya bawa, juu ya kiti cha plastiki, alikaa Nasike, shanga zimejaa shingoni, shuka limefunika tumbo. Lopeyok aliinua darubini. Tumbo alilolijua lilikuwa kubwa. Hili lilikuwa kubwa zaidi.

Nukta ilikuwa hapo. Chini ya shuka.

Langoni alisimama polisi mmoja, Ochola, bunduki begani.

"Afande, zuia ile ndege."

"Wewe kama nani?"

Lopeyok akatoa kitambulisho kilicholowa. Watu wa Idara hawatembei na beji. Hutembea na uongo wenye mhuri.

"Mkaguzi wa visima," Ochola alisoma kwa sauti. Akatazama uwanja wote, huku na huku. "Kisima kiko wapi?"

"Yule mzungu ni mwizi. Mali iko kwa yule mama, ndani ya nguo. Piga simu Nairobi."

"Netiweki imelala tangu asubuhi. Na huyo mama ana karatasi za hospitali. Ana tumbo, hata kipofu anaona. Unataka nimpekue mama mgonjwa? Mimi pia nilizaliwa, bwana."

Hapo ndipo Lopeyok alipoona ujanja wote wa Kasteel, na akauchukia. Mkoba hupekuliwa. Gari hupekuliwa. Lakini Turkana nzima, nani atampekua mama mwenye tumbo lile? Mtu amechukua ugonjwa wa watu akaufanya mfuko wa kubebea wizi.

Akakimbilia uzio wa waya. Alikuwa karibu kiasi cha kusikika.

Akafungua mdomo. Sauti haikuja.

"Mwite yule mama," akamwambia Thuok. "Mwambie akimbie."

"Mwite wewe. Nani wako?"

"Mama ya bibi yangu."

Thuok alishusha pumzi. "Aa. Hata kwetu iko hivyo. Mimi nikiona mama ya bibi yangu kwa njia, naingia kwa majani. Lakini mimi Kiturkana sijui, ila salamu. Atasikia nini?"

"Jaribu!"

"Mama!" Thuok akapaza sauti. "Mama, taal! Kuja hapa! Mzungu hiyo haramia!"

Nasike aligeuka. Akaona mtu mgeni akipiga kelele kwa lugha ngeni. Kisha, nyuma ya mgeni huyo, akamwona mkwewe. Akafanya kile mama yeyote mwenye adabu angefanya: akajifunika uso kwa shuka na kumpa mgongo.

Na Lopeyok, jasusi wa kutegemewa, bastola mkononi, akainamisha macho chini.

Alijiona hafai. Angeweza kumlenga Kasteel, lakini mama alikuwa katikati. Angeweza kumwita, lakini ulimi ulikuwa umefungwa tangu siku ya mahari. Propela ikaanza kuzunguka, vumbi likainuka, na yeye akasimama pale akiwa ameshika waya wa uzio.

Rubani alitoa mkono dirishani na kuuzungusha. Haraka. Kasteel akamwinamia Nasike. Upepo ulileta maneno yake, Kiturkana kibovu, vipande vipande.

"Mama, leta mashine. Wewe ngoja ndege ya pili."

Nasike hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa ameishi karibu na mashirika miaka mingi. Alijua ndege ya pili huwa haiji. Akalikumbatia tumbo lake, la kweli na la uongo kwa pamoja.

Kasteel akatia mkono chini ya shuka, akavuta. Kamba za shanga zikakatika, shanga zikamwagika chini.

Nasike akapiga ukelele. Hakuita polisi. Hakuita mwizi.

"Lopeyok!"

Ukimya uliofuata ulikuwa masikioni mwa Lopeyok peke yake, maana injini bado ilikuwa inanguruma. Hakuwahi kulisikia jina lake katika kinywa kile. Lilimchoma.

Kisha likamfungua.

Alipanda uzio, miba ya waya ikachana viganja. Thuok alikuwa amekwisha kupita langoni na Boxer yake, akaisimamisha mbele ya pua ya ndege, akashuka na kukunja mikono. Rubani akazima injini. Hakuna rubani anayetaka pikipiki ndani ya propela.

Kasteel aliingiza mkono kotini. Bastola fupi ikatoka.

Ilichelewa.

Lopeyok alimpiga kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Goti likaingia tumboni, kiwiko kikafuata shingoni, na Kasteel akalala juu ya shanga akiitafuta hewa.

"Wote chini!" Ochola alifika mbio, bunduki imeelekea kila upande. Ukelele wa mama alikuwa ameuelewa vizuri kuliko karatasi za hospitali. "Wote! Hata wewe mkaguzi wa visima!"

Lopeyok akalala chini bila ubishi. Kwa upande mmoja wa shavu aliiona miguu ya mama mkwe wake, imesimama imara. Kifuani mama alikuwa amelikumbatia Jicho, na hakumpa Ochola wala mtu mwingine.

*

Kesho yake, Lodwar, Daktari Chepkirui alilipitisha Jicho juu ya tumbo la Nasike. Akalipitisha tena. Kisha akatoka kwenye korido, akifunga mlango taratibu.

"Linafanya kazi?" Lopeyok aliuliza.

"Vizuri kabisa." Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye habari njema. "Uvimbe umeshikana na mshipa mkubwa wa damu, huku juu, karibu na moyo. Hesabu inasema tusiguse. Bila Jicho ningemkata leo, na angenifia mkononi."

"Sasa?"

"Vidonge, na kungoja. Unaweza kusimama hapo hapo. Unaweza kukua."

"Ukikua?"

Daktari aliangalia sakafu. "Hatujafika huko bado. Chuo hakijafika."

Atabo alikuwa amekaa kwenye benchi akilia ndani ya kanga. Ndiye angepaswa kulipeleka neno lile kwa mamake, akilipunguza makali njiani. Badala yake alimsukuma mumewe kuelekea mlangoni.

"Enda wewe," alisema. "Si amekuita jina? Enda."

Lopeyok angependelea lagga tena. Angependelea bastola ya Kasteel. Lakini aliingia, akavuta kiti, akakaa mbele ya mama mkwe wake, uso kwa uso.

"Wamesema nini?" Nasike aliuliza kwa Kiturkana.

"Hawakati."

"Kwa nini?"

"Umekaa mahali pabaya."

"Nitakufa?"

Kudanganya ilikuwa kazi yake. Alilipwa mshahara kwa kudanganya, na alikuwa hodari. Alitafuta uongo mmoja tu, hata mdogo, akaukosa.

"Sijui, mama."

Nasike alimtazama kwa muda, bila chuki, kama mtu anayemkagua ngamia aliyekwisha kununuliwa. Kisha akaanza kujifunga shuka.

"Basi nipelekeni nyumbani. Mbuzi hawajanyweshwa tangu jana."

Uani, simu mpya aliyopewa na Idara ikalia.

"Ripoti," Wanjugu alisema.

"Jicho liko salama. Kasteel yuko ndani, na rubani wake."

"Safi. Na linaona?"

"Linaona."

Alikata yeye, kabla hajakatiwa. Akavuka ua wa hospitali bila haraka, mkono mmoja mfukoni, miwani ya Ray-Ban usoni. Askari wa lango alimtazama akapita, akawaza kwamba wako watu hapa duniani wasiojua taabu. Lopeyok akafungua mlango wa mbele wa Land Cruiser, akasimama ameushikilia, akimngoja yule mama avuke ua kwa mwendo wake wa polepole. Hakukuwa na jambo lingine la kumfanyia.