Ubao wa Hebblethwaite

"Ameacha gari. Anateremka kwa miguu," redio ilisema.

"Namwona."

Hester alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, bastola ya Glock mkononi, darubini machoni. Mvua ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ilimnyeshea tangu asubuhi. Chini yake kilipita kijito, na juu ya kijito ulilazwa ubao mmoja wa kuvukia.

Mtu ambaye Hester alimwinda alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyambizi. Vitambulisho vyake vilisema Alan Hebblethwaite.

Uongo.

Katika lugha ya kale ya kaskazini, hebble ni daraja la ubao, thwaite ni kiwanja kilichofyekwa msituni. Kiwanja chenyewe ni hiki, na ukoo mzima ulitoka hapa. Hester ni wa ukoo huo. Alan wa kweli alikuwa mdogo wake. Aliteleza kwenye ubao huu akiwa na miaka mitatu, akafa maji, na jasusi huyu akaliokota jina lake kaburini.

Idara ya usalama na mitambo yake yote haikumgundua. Aliyemgundua ni mama yake Hester, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Aliliona jina gazetini, kwenye orodha ya wahandisi waliopewa nishani, akalia kwa furaha kwamba mwanawe yu hai. Tangu siku hiyo huandaa kikombe cha tatu cha chai, cha Alan, na Hester hana moyo wa kukiondoa.

Yule mtu aliinama, akachomeka kopo chini ya ubao.

Hester alikwisha fika mgongoni kwake.

"Mikono nyuma. Taratibu."

Pingu zikajifunga. Ndani ya kopo michoro ya nyambizi ilikuwa kamili, bado haijachukuliwa na mabwana zake wa ng'ambo.

"Ungejiita Smith kama maelfu ya watu, nisingekupata," Hester alisema. "Na kwa nini hapa?"

"Nilikuja kuona jina lilikotoka. Nikapapenda." Aliutazama ubao. "Yule mtoto ulimjua, dada?"

"Niliambiwa nimshike mkono. Nikamwachia."

Simu ikatetemeka mfukoni. Mama.

"Alan anakuja kunywa chai? Ubao unateleza leo. Mshike mkono, Hester."

Hester alimgeukia yule mtu.

"Nimemshika, mama."

Land Rover ya idara ilingoja upande wa pili. Hester alirudisha bastola kwenye ala, akamshika yule mtu mkono, akamvusha polepole, hatua kwa hatua, bila kumwachia.