Hina Niliyompaka Zuhura

Leo nina miaka ishirini na saba, wasomaji wenzangu, na sitaki mnionee huruma. Someni tu, kisha mnihukumu mtakavyo.

Niliolewa kutoka Kondoa nikaletwa Tunduma, kwa Shabani, dereva wa malori ya kwenda Zambia. Miaka ile ya foleni za sukari Mungu akatupa binti, Zuhura... Jamani, mtoto mzuri yule!

Pale zahanati alikuwapo nesi mmoja, Enifa, Mnyiha wa Igamba, hajaolewa. Kila kichanga alimvua nguo zote, akamsikiliza moyo, akamtazama ulimi na kucha. Wangu akamsikiliza mara mbili. Akaniambia moyo unavuma, nimrudishe baada ya wiki mbili. Unavuma nini, kwani ni upepo? Mbona watoto wa wenzangu hakuwarudia?

Siku ya kurudi nilimkuta Shabani nyuma ya zahanati akinong'ona naye! Nikajibanza ukutani, nikamsikia nesi akisema, "Baba Zuhura, mtazame kucha akilia. Zikiwa bluu, mama yake ampeleke hospitali kubwa Mbeya, hata kama ni kukaa mwezi."

Mwezi! Nyumba nimwachie nani? Tangu lini nesi akamwita mume wa mtu pembeni? Nikaona mchezo wote.

Sikuuliza. Hasira zangu mimi huwa za kimyakimya, na hizo ndizo mbaya. Kliniki nikaacha. Arobaini ilipofika nikampaka mtoto hina kucha zote ishirini, mpaka ikakolea. Shabani alipomshika vidole akilia, hakuona kitu.

Mimi nilikuwa nimeona... Zilikuwa bluu. Niliona! Nikajiambia ni baridi. Hata alipoulizia midomo nikamjibu, "Baridi hii ya Tunduma hata wewe midomo imekupauka, sembuse mtoto?" Akaniamini, akasafiri.

Siku tatu baadaye, yeye akiwa Zambia, Zuhura alikataa titi. Jasho lilimtoka kichwani na baridi ile yote! Nikambeba, nikapanda basi la Mbeya. Alilia njia nzima. Tulipofika Nanyala akanyamaza, nikamshukuru Mungu kwamba amelala.

Hakuwa amelala, ndugu zangu.

Enifa alikuja msibani na kanga yake kichwani, akakaa mkekani pamoja nasi, akalia kuliko shangazi wa mtoto. Hata pale nilimtazama kwa jicho baya! Ndipo Shabani akanieleza. Mama yake alizika watoto wawili walioanza vivyo hivyo, kwa midomo ya bluu. Ni Shabani mwenyewe aliyemfuata nesi, akamwomba amwangalie mwanawe sana. Mimi hakuniambia, kwa kuwa nilikuwa mzazi mbichi, akaogopa nitaingiwa na hofu maziwa yakauke.

Angepona? Sijui. Daktari aliyetupokea Mbeya siku ile alisema moyo mwingine hautibiki. Lakini wangejaribu, na mimi nisingelala na swali hili.

Shabani hajui kwa nini nilipaka hina. Atajua akisoma hapa.

Dada zangu, nesi akimvua mwanao nguo, mwache amtazame. Akisema mrudishe, mrudishe! Na ukimshuku mumeo, mwulize yeye usoni, mgombane, mtoto awe ameshapelekwa hospitali.

Mimi niliogopa kunyang'anywa mume. Mume ninaye mpaka leo.