Nilimshinda Mume Wangu kwa Maneno, Tukanunua Kiwanja Bigwa

Wenzangu mnaosoma, umri wangu siujui hasa, ila Wadachi walipojenga boma Morogoro mimi nilikuwa tayari mwari. Sasa ni mjane mwenye watoto watatu, nalima shamba la kuazima huku Mlali. Nimeomba niandikiwe mkasa huu kwa sababu kila nikienda sokoni nasikia watu wakibishana: viwanja tununue sasa, au tungoje? Jamani... nami nilibishana hivyo hivyo!

Kwetu ni Kinole, juu mlimani. Nilikuwa na shamba langu huko, la lukolo, yaani ukoo wa mama yangu. Lilikuwa na migomba, mifenesi na magimbi, na kijito kikipita chini yake. Sisi Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Mama yangu alilipata kwa mama yake, mimi kwake, na wanangu wangelipata kwangu. Hakuna mtu duniani angeweza kunitoa pale.

Lakini mimi, nawaambia ukweli, kiherehere kilinizidi!

Siku hizo reli ilikuwa bado inajengwa kutoka pwani. Kila aliyeshuka mjini kuuza ndizi alirudi na habari. Wahindi wanafungua maduka! Gari la moshi linakuja! Viwanja vinapanda bei! Bwana mmoja wa Bigwa, pembeni mwa mji, alikuwa anauza kiwanja chake, pazuri kabisa, chini ya mlima.

Mume wangu Shomari alitaka tungoje. Alikuwa mpole, mtu wa kufikiri sana kabla ya kusema. Alisema reli ifike kwanza, tuone serikali itachukua ardhi ya nani, ndipo tununue.

"Reli ikifika utanunua na nini?" nikamwambia. "Na hiyo kanzu yako moja?"

Nilimsema asubuhi, nikamsema shambani, nikamsema mbele ya ndugu zake. Nilimwita mwoga. Mwisho akasema haya, tununue... nami nikaona nimeshinda. Ole wangu!

Nilikwenda kuaga kwa mjomba wangu, kaka wa mama, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hicho cha Bigwa kitakuwa cha ukoo gani?"

Nilicheka! Nikamjibu kwamba mjini hakuna ukoo, mjini mali ni ya aliyenunua. Tena nikamwambia shamba langu ampe mdogo wangu wa kike, maana mimi milima nimeichoka. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Na kwetu ukiliacha shamba kwa kinywa chako mbele ya mjomba, limekwenda.

Basi nikauza mbuzi wangu wote, na bangili za fedha alizoniachia mama. Kiwanja kile kilinunuliwa kwa vitu vyangu mimi!

Siku ya mauziano, kila upande hupeleka shahidi wake. Shomari alikwenda na Ramadhani, mtoto wa dada yake, mwanamume mzima aliyeishi kwetu, akala chakula changu na kuniita mama. Na wa upande wangu? Sikumwita mtu. Maneno ya mjomba yalikuwa yamenichoma, nikasema sitaki mtu wa Kinole anitilie nuksi. Wenzangu walipokuwa wakishuhudiana, mimi nilikuwa jikoni nawapikia wali!

Tukajenga. Gari la moshi likafika, watu wakakimbia kwa kishindo chake. Bei ikapanda kama nilivyosema. Shomari alicheka akaniambia, "Mama Zuhura, leo umeniweza." Hiyo ndiyo furaha yangu ya mwisho...

Masika ikaingia, akashikwa na homa. Hakumaliza hata juma moja.

Nikiwa bado ndani ya eda, sijaruhusiwa hata kutoka mlangoni, wakaja. Ramadhani, mama yake na ndugu zake. Siku ile hakuniita mama. Aliniita mke wa marehemu! Alisema mali ya mjomba ni ya wapwa, nami eda ikiisha nirudi kwenye ardhi ya ukoo wangu pamoja na watoto.

"Ramadhani, mbuzi walikuwa wangu! Si ulikuwepo?"

Akatazama chini. "Mimi niliona mjomba ndiye anayelipa," akasema.

Eda ilipokwisha nilikwenda kwa akida. Mwalimu wa msikiti alinisindikiza, akasema mjane na watoto wana fungu lao. Akida akasema ardhi ya Waluguru iamuliwe na wazee wa Waluguru. Wazee wakaniuliza, shahidi wa ukoo wako ni nani? Sikuwa naye, basi wakampa Ramadhani kiwanja na nyumba.

Tena mila ile ni yangu mwenyewe! Alipofariki mjomba wetu mwingine, sisi wapwa ndio tuliorithi nyumba yake. Mjane wake alifunga mzigo akaenda zake, nami nilichukua vyungu vyake kwa furaha. Sikumfikiria hata siku moja, mpaka nilipofunga mzigo wangu.

Nikapanda Kinole. Mjomba yule aliyeniuliza swali alikuwa ameshazikwa. Mdogo wangu alilia nilipomwomba, lakini shamba alikuwa ameshawagawia binti zake, hakuna hata kipande kilichobaki. Mkubwa mpya wa ukoo akaniambia, "Uliliacha mwenyewe, dada." Nimlaumu kwa lipi?

Ndugu zangu, wakati nilioutaka ulikuwa mzuri kweli. Nilikuwa sawa! Leo pale penye nyumba yetu pana duka. Na imenisaidia nini? Dada zangu, mkitaka kununua, simameni wenyewe penye mauziano, na mtu wa kwenu awepo, hata kama mmegombana naye. Na shamba la mama zenu msilitoe kwa kinywa chenu, hata kwa hasira, hata kwa furaha!

Huku Mlali mwenye kuazima halimi ila mahindi na maharage. Haruhusiwi kupanda mti, maana mwenye mti atadai ardhi. Majuzi Zuhura wangu alifukia mbegu ya limau nyuma ya kibanda. Ikaota, akawa anaimwagilia na kuizungushia vijiti. Nikaing'oa kwa mkono wangu mwenyewe kabla mwenye shamba hajaiona.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, sasa sisi tutapanda wapi?"

Nilishika jembe nikaendelea kulima. Nawasihi, msimfikishe mtoto wenu mahali pa kuuliza hivyo, nanyi mkose jibu.