Kola Iliyokatwa kwa Kisu

Asubuhi ile mimi na Ugoye tulikuwa jikoni kwake tukifikicha majani machungu ya supu, tukimcheka jogoo wake aliyekuwa akikimbizwa na tetea. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu tumzike mumewe, Anene, kwenye udongo mwekundu nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo sikuwa nimemsikia akicheka hadi asubuhi ile.

Saa nne wakaja wanaume: shemeji Okwudili, kaka mkubwa wa marehemu; mume wangu Mbanefo, mdogo wao; na wazee wawili wa ukoo. Wakaketi barazani. Okwudili alidai Anene alimwachia nyumba kwa mdomo, maana Ugoye alizaa mabinti watupu. Angesema hilo mbele ya kola, kokwa chungu ambayo kwetu humegwa na kuliwa mahali pa kiapo, na kola ikishaliwa neno limepita. Ugoye na watoto wangehama.

"Mama Uzo, hebu chungulia," Ugoye akaninong'oneza. "Wanasemaje?"

Nikachungulia dirishani. Okwudili aliinua kola, akamwita Anene kwa jina aje ashuhudie. Akaibana kwa vidole ili aimege. Haikumegeka, kwa sababu haikuwa na mpasuko hata mmoja. Kola ya namna hiyo ni ya wafu. Haikatwi, huwekwa chini wakaila wenyewe. Anene alikuwa ameitwa, naye alikuwa amekataa.

Wazee walikuwa wakibishana kuhusu pombe ya mchikichi. Okwudili akachomoa kisu, akaikata vipande vinne chini ya meza. Mume wangu aliona. Akatazama pembeni.

Kisha Okwudili akaniona mimi. "Unatafuta nini hapo, shemeji? Kola haisikii maneno ya wanawake!"

Wakacheka. Mbanefo naye akacheka. Ningeweza kupiga kelele. Niliogopa kuitwa mwanamke asiye na adabu, nikarudi kwenye majani.

"Enhe, wanasemaje?"

"Bado," nikamjibu Ugoye.

Wakala. Pakawa kimya. Kimya kikazidi. Nikatoka. Wote wanne walikuwa wameketi vinywa wazi. Ndimi zilicheza. Sauti hakuna. Hawakutazamana. Walikitazama kiti kimoja kilichokuwa kitupu.

Hawakusema tena. Ukoo ulipokaa kikao, nikaeleza yote. Mkuu wa ukoo akaniuliza, "Mwanamume gani aliona?" Nikamgeukia Mbanefo. Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha. Akakiinamisha. Okwudili alipoulizwa kama neno lilipita, alikubali kwa kichwa, haraka haraka.

Basi Ugoye akaondoka kwenda kwa nduguze, magodoro kichwani, mabinti watatu nyuma yake. Hakuniaga. Okwudili amehamia mle na ananenepa. Nina uchungu na wahenga wetu, na nasema wazi: waliwanyima wanaume wale sauti, wakawaachia nyumba.

Jana mchana Mbanefo alijinyoosha mkekani, akasinzia. Nilikuwa nachambua maharage karibu naye. Midomo yake ikaanza kucheza. Nimeshaizoea. Lakini safari hii sauti ikatoka. Haikuwa yake. Ilikuwa ya kukwaruza, ya Anene.

"Mama Uzo."

Maharage yakanimwagika.

"Mke wangu alikuuliza mara mbili. Mbona hukumwambia?"

Sikujibu. Hata safari hii sikujibu.

Mbanefo akaamka, bubu vile vile, jasho likimtoka, akanionyesha mdomo wake kwa kidole. Nikachukua kitambaa nikampangusa ulimi. Kikatoka na udongo mwekundu, mbichi.